Sindano, kliniki na uchungu wa usiku: ya kujiandalia kabla mji haujafungwa tena

Tarehe 6 Mei 2020, Ramadhani ikiwa katikati, serikali ya Kenya ilitangaza kuwa Mji wa Kale hapa Mombasa unafungwa kwa sababu ya korona. Hakuna kuingia wala kutoka kwa siku 15, na zilipokwisha zikaongezwa hadi mapema Juni. Kaunti nzima ilikuwa imeshazuiwa kuvuka mipaka yake tangu Aprili, na kafyu ilianza saa moja jioni. Watu walibishana kuhusu misikiti, chakula cha futari, na soko. Uzazi haukutajwa. Nami sindano yangu ya kupanga uzazi, ya kila miezi mitatu, ilikuwa inafika tarehe yake ndani ya wiki hizo, na kituo ninakochomwa kiko ng'ambo ya kizuizi.

Mimi si muuguzi, lakini tangu mwaka ule mashoga zangu wa kike na mawifi wananiuliza mimi kwanza, pengine kwa sababu sioni haya kuulizia mambo haya kwa sauti. Ninalowaambia wote ni hili: panga uzazi ukijua kuwa ipo siku kliniki haitafikika, na ujue mapema ukichelewa una nafasi ya siku ngapi.

Sindano ndiyo mfano mzuri. Nilimpigia simu muuguzi anayenichoma, akanieleza jambo ambalo kadi haisemi. Sindano hiyo, iitwayo Depo, ina nafasi: kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, unaweza kuchomwa hadi wiki mbili kabla ya tarehe, au hadi wiki nne baada yake, bila kuhitaji kinga nyingine. Zikipita wiki nne, kituo kihakikishe kwanza huna mimba, kisha mtumie kondomu kwa siku 7 baada ya kuchomwa. Nilichomwa nikiwa nimechelewa, ndani ya ile nafasi, na roho ilitulia. Jirani yangu hakuwa na habari hizo. Alikesha kwa hofu mwezi mzima, mume naye kahamishiwa sebuleni. Kwa hiyo ukisikia tetesi za kufungwa, usingoje tarehe. Nenda ndani ya zile wiki mbili za kabla ya tarehe.

Anayetaka kupumzika miaka kadhaa afikirie njia isiyomtaka arudi kliniki kila mara. Kijiti kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono, cha aina ya Implanon, kimeandikiwa miaka 3, cha Jadelle miaka 5, na koili ya shaba inayowekwa ndani ya kizazi miaka 10 au zaidi. Kijiti kilichopitisha tarehe hakigeuki sumu mkononi, kama nilivyosikia ikisemwa kwenye baraza za wanawake. Kinachopungua ni kinga, basi tumieni kondomu hadi kitolewe. Ila uwe mkweli kwa nafsi yako kuhusu upande wa pili: kijiti na koili hutolewa na mtaalamu. Ikikukera katikati ya lokidauni, huwezi kuikatiza mwenyewe kama unavyoacha tembe. Kwa anayetumia tembe, omba pakiti za miezi kadhaa kwa mpigo. Muuguzi akikupa moja tu, mwulize kwa nini.

Kondomu nazo zinunuliwe mapema. Machi 2020 kampuni ya Karex ya Malaysia, inayotengeneza karibu kondomu moja katika kila tano duniani, ililazimika kufunga viwanda vyake kwa siku kadhaa. Ndivyo duka la dawa la mtaani kwako lilivyofungamana na kiwanda usichokijua.

Na msidhani ni virusi peke yake. Tarehe 7 Desemba 2020 wauguzi na matabibu wa hospitali za umma walianza mgomo, madaktari wakafuata tarehe 21. Huduma ya kupanga uzazi katika vituo vya umma imebebwa na wauguzi. Wakigoma wao, chumba kile hufungwa hata kama hospitali yenyewe ina taa.

Sasa nije kwa lile linalosemwa kwa kunong'ona. Wako wanawake wanaopanga uzazi kwa siri, kwa sababu mume hataki au mavyaa anahesabu wajukuu. Zamani walipita kliniki wakitoka sokoni. Watu wote walipokaa nyumbani, kisingizio cha soko kikafa, na tembe zilizofichwa kwenye kopo la mchele zikaanza kuonekana. Simhukumu yeyote. Sindano haiachi kitu kabatini. Ipo pia sindano ndogo ya chini ya ngozi ambayo mwanamke akishafundishwa hujichoma mwenyewe. Uliza kama kituo chako kinayo. Lakini anayeogopa kupigwa aelewe kwamba shida yake ni kubwa kuliko njia ya uzazi. Namba 1195 hupigwa bure kwa ajili ya ukatili wa kijinsia.

Kwa wajawazito, hatari ilikuwa usiku. Mwenye uchungu hakukatazwa kwenda hospitali, lakini wenye tuktuk waliogopa virungu vya askari, na baadhi ya mama waliogopa hospitali yenyewe kwa sababu ndiko waliko wagonjwa wa korona. Nairobi, daktari Jemimah Kariuki aliona wodi ya uzazi imepungua watu, huku wanaofika wakifika na matatizo makubwa. Aprili 2020 akaanzisha usafiri wa bure kwa wajawazito wakati wa kafyu. Mtaani kwetu tulijipanga wenyewe. Wifi yangu alipoingia mwezi wa tisa, tuliongea na madereva wawili (wawili, maana mmoja akizima simu umekwisha), tukawalipa kitu kidogo mapema, tukaandika namba zao ukutani. Kitabu cha kliniki na kitambulisho vilikaa kwenye mkoba mmoja karibu na mlango. Usiku uchungu ulipomshika, askari waliwasimamisha njiani. Kitabu kile kilipoonyeshwa, tuktuk ikapita.

Ziara za kliniki zinaweza kupunguzwa au kufanywa kwa simu, mradi muuguzi ndiye aliyesema. Dalili hizi hazingoji asubuhi wala kafyu iishe: kutokwa na damu, kichwa kuuma sana pamoja na macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba ghafla, degedege, chupa kupasuka, au mtoto kupunguza kucheza tumboni. Na mama aliyejifungua huku ana korona anyonyeshe. Avae barakoa na anawe mikono kabla ya kumshika mtoto.

Hapo hapo pana kinga ambayo haihitaji duka. Kama mtoto hajafika miezi 6, ananyonya maziwa ya mama tu mchana na usiku, na hedhi haijarudi, uwezekano wa kushika mimba ni mdogo sana. Masharti yote matatu yawepo. Bibi akishaanza kumlambisha uji mtoto, hesabu imevunjika.

Wasichana niliwahurumia zaidi. Shule zilifungwa Machi 2020, na wengi hawakurudi hadi Januari 2021. Sheria ya mwaka 2017 inataka serikali iwape wanafunzi sodo bure, lakini sodo hizo hupitia shuleni. Mama, weka akiba ya miezi miwili, au vitambaa vya kufuliwa, vianikwe juani hadharani bila kuona haya.

Zungumza na binti kuhusu P2, tembe ya dharura ya kuzuia mimba baada ya tendo, kabla hajaipata habari yake kwa wenzake. Humezwa mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72; hadi saa 120 bado inaweza kusaidia, ila nguvu zake zinapungua. Haitoi mimba iliyokwisha kuingia. Wala haikingi virusi vya UKIMWI. Akilazimishwa kulala na mtu, na mara nyingi anayelazimisha ni mtu wa nyumba hiyo hiyo, mpelekeni hospitali usiku huo huo, kafyu au hakuna kafyu, kwa sababu dawa za kuzuia UKIMWI nazo mwisho wake ni saa 72. Asiogeshwe kwanza. Nguo alizovaa zisifuliwe. Ziviringwe kwenye gazeti au mfuko wa karatasi, na ziende naye.