Jibu: Kutoa magari 300 Kirumba baada ya mkutano

Mkuu, umeuliza utayatoaje magari 300 pale uwanja wa CCM Kirumba, Mwanza, bila watu kukwama getini. Tatizo haliko ndani, liko barabarani. Geti likitoa gari moja kila sekunde 6, yote yanaisha kwa dakika 30. Barabara ya Airport ikijaa daladala, sekunde 6 zinakuwa 20, na hapo ni dakika 100!

Kwa hiyo wote wakate kushoto tu, hata anayekwenda kulia, atageuzia mbele. Anayekatisha barabara akisita, nyuma yake foleni nzima imezima injini. Wapaki kinyumenyume, pua itazame njia.

Bodaboda zungumza nao mapema, tena kwa heshima. Sisi tulisahau, wakajaa mdomoni mwa geti, gari lenye mgonjwa likakosa pa kupita. Trafiki nao waombe kabla ya siku yenyewe.