Weka mkasi chini: kwa mnaoanza kukusanya vibonzo vya zamani

Wengi wanaoanza kukusanya vibonzo vya siasa huanza kwa mkasi. Mtu amepata jarida kuukuu, mchoro umemchekesha, anaukata na kuutia kwenye fremu. Baada ya muda hawezi kukwambia ulitoka lini wala anayechekwa ni nani.

Kibonzo cha siasa huishi kwa tarehe yake. Chukua kile maarufu cha Edward Linley Sambourne kilichotoka katika Punch, jarida la mzaha la London, tarehe 10 Desemba 1892: Cecil Rhodes, waziri mkuu wa koloni la Cape, amesimama juu ya Afrika, mguu mmoja Cairo, mwingine Cape Town. Sote tumekizoea kama picha ya ubeberu. Lakini tazama mikono yake: ameshika waya wa telegrafu, kwa sababu alikuwa ametangaza mpango wa kuupitisha kutoka Cape hadi Cairo. Habari zilizokuwa midomoni mwa watu wiki ile ndizo zilizozaa mzaha. Ukiwa na toleo zima unazo. Ukiwa na karatasi iliyokatwa, una mzungu aliyepanua miguu tu.

Kwa hiyo nunua matoleo mazima, hata yaliyochanika jalada. Punch mara nyingi utaikuta imejalidiwa, matoleo ya nusu mwaka katika kitabu kimoja. Kitabu ni kizuri, ila wajalidi walizoea kutupa majalada na matangazo, basi usikubali kukilipia kama matoleo kamili. Ushauri wangu ni kuanza na vya kwetu. Jarida la Joe, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1973 na Hilary Ng'weno na Terry Hirst, lina mitaa unayoijua na shida za mjini unazozijua. Majarida kama hayo hutokea kwa wauza vitabu vya mitumba barabarani, au nyumba inapohamwa na karatasi kuuzwa kwa kilo. Mwachie muuzaji nambari yako, na usichangamke mno mbele yake, bei husikia.

Kabla ya kutoa pesa, nenda ukasome magazeti ya miaka unayoifuata: Hifadhi ya Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, Nairobi, au maktaba ya McMillan, Banda Street, iliyofunguliwa mwaka 1931. Beba penseli.

Nakala bandia? Nunua kioo cha kukuzia. Mchoro wa Punch wa karne ya 19 una mistari mizima ya wino. Ukiona vitone vilivyojipanga kama wavu, hiyo ni picha iliyopigwa na kuchapwa upya. Kanuni hii usiipeleke kwa majarida ya karne ya 20, maana hayo yenyewe yalichapwa kwa vitone. Puck, jarida la vibonzo la Marekani, nayo kwa kurasa zake za rangi ina vitone, ila mara nyingi havina mpangilio.

Kinachoua mkusanyo Nairobi ni selotepu. Gundi yake hugeuka kahawia, ikazama ndani ya karatasi na isitoke tena. Laminesheni ni mbaya zaidi, na bado kuna watu wanaiita kuhifadhi! Karatasi ya gazeti hutokana na mti uliosagwa kuwa rojo; mwanga huifanya manjano na kuivunjavunja. Ilaze bapa ndani ya boksi lenye karatasi isiyo na asidi, mbali na sakafu na mbali na ukuta wa nje, hasa mvua za Machi hadi Mei zinapoanza. Pini zilizoota kutu zitoe taratibu. Tarehe na mahali ulipopata, andika kwa penseli kwenye bahasha, si kwenye jarida.

Na ukitaka kuchapa fulana: kumiliki karatasi si kumiliki mchoro. Sheria ya Kenya hulinda haki ya mchoraji kwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Sambourne alifariki mwaka 1910, michoro yake ichape utakavyo. Gado, mchora vibonzo aliyeanza kuchorea gazeti la Nation mwaka 1992, bado anachora. Mtafute yeye na gazeti lililouchapa mchoro kwanza.