Kiwanja cha Kando ya Mto: Anza na Maji

Katika kazi yangu ya kupanga miradi ya majengo, viwanja vya mjini vilivyo kando ya mto hunivutia kuliko vyote, na hunitia hofu kuliko vyote. Mwenye kiwanja huona nyumba za kuishi juu, fremu za maduka na ofisi chini, na wanunuzi wakigombea upande unaotazama maji. Mimi huuliza kwanza: kwa nini ardhi hii, katikati ya mji, imekaa wazi miaka yote? Aghalabu ni mafuriko, au palikuwa na kiwanda au dampo na sumu yake bado imo udongoni.

Kabla msanifu hajachora chochote, pata kumbukumbu za mafuriko, kisha zungumza na wazee wa mtaa wakuonyeshe maji yalifika wapi. Nao wanaolima, kuvua au kuosha magari hapo wanaujua ukingo ule kuliko mshauri yeyote, na maisha yao yatabadilika kwa mradi wako. Wasikilize mapema.

Kisha piga hesabu ya muda mrefu. Mafuriko yanayokadiriwa kutokea mara moja katika miaka 100 yana uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka. Kwa jengo la miaka 50, uwezekano wa kuyapata angalau mara moja unakaribia asilimia 40. Hesabu hii huwatuliza wawekezaji wenye haraka kuliko hotuba yoyote.

Mfano ninaopenda kuutoa ni mtaa wa HafenCity, mjini Hamburg, Ujerumani, kando ya mto Elbe. Mafuriko ya Februari 1962 yaliua zaidi ya watu 300 katika mji huo. Walipoamua kugeuza eneo la bandari la hekta 157 kuwa makazi, ofisi na maduka, hawakulizungushia ukuta. Waliinua majengo na barabara mita 8 hadi 9 juu ya usawa wa bahari, maegesho yakawekwa ndani ya sehemu hiyo iliyoinuliwa, na njia za matembezi zikaachwa chini karibu na maji. Maji yakipanda, yanachukua njia za matembezi, si vyumba vya kulala.

Wewe huenda huna fedha za kuinua mtaa mzima, lakini unaweza kukataa kuweka jenereta, transfoma na mitambo ya lifti chini. Toboa udongo sehemu nyingi, kwa kuwa penye mkondo wa zamani utakuta mchanga mgumu hapa na tope laini hatua chache mbele. Kina cha maji ya ardhini kipimwe kiangazi na masika. Ghorofa ya chini ya ardhi iliyo tupu huweza kusukumwa juu na maji hayo.

Halafu ukingo wenyewe: uache wazi kwa watu wote, hata pale sheria inapodai kidogo kuliko hapo. Nimeshuhudia mradi uliopeleka uzio hadi majini. Wapita njia walikatika, na fremu zikakaa tupu. Maduka hayaishi kwa wapangaji wa juu peke yao. Kama huna hakika ya wateja, fungua fremu chache, na ghorofa ya chini ipe dari refu ili chumba kilicho ofisi leo kiweze kuwa duka kesho bila kubomoa.