Maswali yenu: Duke wa Alba, damu na kodi

*Alba ndiye aliyeipora Antwerp? (Msomaji, Arusha)*

Hapana, na nimechoka kulijibu hili. Antwerp, mji ulio Ubelgiji ya leo, iliporwa Novemba 1576. Alba, jemadari aliyetumwa na mfalme wa Hispania kuzitawala Nchi za Chini (Uholanzi na Ubelgiji za leo), aliondoka huko Desemba 1573. Walioipora ni askari wa Hispania waliokuwa wanadai mishahara. Tazameni tarehe kwanza, jamani, ndipo mwandike.

*Alikuwa mfalme wa Hispania? (Dodoma)*

Mfalme alikuwa Felipe II. Alba alikuwa jemadari wake.

*Waholanzi waliasi kwa sababu ya dini, sivyo? (Morogoro)*

Dini ilikuwamo, sikatai. Mwaka 1566 Waprotestanti walivunja sanamu makanisani, na Agosti 1567 Fernando Álvarez de Toledo, ndiye huyo Alba, akaingia Brussels na askari wapatao 10,000 kutoka Italia. Akaunda Baraza la Machafuko, mahakama ya kuwahukumu waasi. Raia wakaliita Baraza la Damu, na haki yao, maana liliua watu zaidi ya 1,000. Juni 5, 1568 makabaila wawili wa huko, Egmont na Hoorn, walikatwa vichwa hadharani kwenye uwanja mkubwa wa Brussels. Wote wawili walikuwa Wakatoliki, tena watumishi wa mfalme yuleyule. Sasa hapo dini inaeleza nini?

Halafu ikaja kodi. Duke alitaka asilimia 1 ya mali yote kwa mara moja, 5 kila nyumba au shamba linapouzwa, na 10 kila bidhaa inapouzwa. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyowatoa watu roho. Sufu anauziwa mfumaji, kitambaa kinakwenda kwa mtia rangi, kisha kwa mchuuzi, kisha kwako wewe, na kila mkono serikali inachukua fungu lake. Wenye maduka Brussels wakafunga milango. Wakatoliki waliokuwa wamenyamaza vichwa vilipokatwa wakaanza kupiga kelele. Aprili 1, 1572 waasi wa baharini wakauteka mji wa bandari wa Brielle, na miji mingine ikawafungulia malango. Kodi yenyewe haikuwahi kukusanywa kama alivyotaka. Wapangaji wa bajeti wa leo nao wasome habari hii.

*Kweli alijijengea sanamu? (Tanga)*

Kweli. Ya shaba, iliyotokana na mizinga aliyoteka kwa waasi kwenye vita vya Jemmingen mwaka 1568, yeye amesimama juu ya waasi. Aliyemrithi akaiondoa.

*Anatuhusu nini sisi wa Mombasa?*

Zaidi ya mnavyodhani. Mwaka 1579 mfalme alimfukuza kwenye jumba la kifalme na kumfunga katika ngome ya Uceda, Hispania, kisa mwanawe kaoa bila ruhusa. Mwaka uliofuata akamhitaji, akamtoa, mzee wa miaka 72, akamtuma kuiteka Ureno. Agosti 25, 1580 alishinda pale Alcântara, karibu na Lisbon, na Ureno ikaangukia mikononi mwa Felipe pamoja na ngome na bandari zake zote za Bahari ya Hindi. Kwa hiyo Fort Jesus ilipoanza kujengwa mwaka 1593, Mreno alikuwa akijenga chini ya mfalme wa Hispania. Waongoza watalii, liwekeni hilo kwenye maelezo yenu. Ila msiseme Alba alifika hapo: alifia Lisbon mwaka 1582.