Maswali yenu: laptopu ya kutupwa, rilei inayozima bodi, na saa ya bibi

Meseji za mwezi huu zimenikuta mezani kwangu hapa Kijenge nikiwa nalehemu, na nyingine nimezisoma mara mbili kwa sababu zilinigusa. Nimechagua sita.

Shikamoo kaka. Nina laptopu ya mwaka 2013, RAM GB 4. Fundi mmoja wa mjini kaniambia ni ya kutupa kwa sababu Windows 11 haiingii. Niko chuo, sina hela ya kununua nyingine. Nifanyeje? (Mwanafunzi, Ngaramtoni)

Marahaba mdogo wangu. Usiitupe. Ni kweli Windows 11 haiikubali mashine ya umri huo, na Windows 10 nayo ilimaliza muda wake wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Lakini huo ni uamuzi wa wenye programu. Mashine yako haijaugua; prosesa yake inakokotoa leo kwa kasi ile ile ya siku ilipotoka kwenye boksi.

Weka Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows. Kwa RAM hiyo ningechukua toleo la Linux Mint au Debian, lenye mandhari ya Xfce, maana ni nyepesi. Faili la Mint lina takribani GB 3, kwa hiyo lishushe usiku kama bando lako la usiku ni nafuu, au mtafute mwenzako aliye nalo akunakilie kwenye flashi. Kunakiliana ni halali kabisa hapa. Kabla ya kulitumia, linganisha alama yake ya sha256 (namba ndefu ya kulitambulisha faili) na ile iliyoandikwa kwenye tovuti ya mradi, kwa sababu mtandao wetu ukikatika katikati faili huweza kufika pungufu, nawe ukaja kuilaumu Linux kwa kosa la mnara.

Kisha washa mashine kwa flashi hiyo na uitumie siku mbili tatu bila kugusa diski. Jaribu Wi-Fi, sauti, kamera, na uone kama inalala ukifunga kifuniko. Ukiridhika, hamisha kazi zako zote mahali pengine, ndipo uisimike. Na ukipata hela kidogo, nunua SSD, diski isiyozunguka, kabla ya RAM. Diski ya kuzunguka ndiyo inayokuchosha. Nilipobadilisha ya kwangu, kitu cha kwanza nilichokisikia ni kimya: ule mkwaruzo niliouzoea miaka sita ulikuwa umeondoka.

Mnapenda kusema "programu huria". Si neno la kupamba tu "bure"? (Mwalimu, Kiborloni, Moshi)

Hapana mwalimu, na hapa Kiswahili kimetupendelea. Waingereza wana neno moja kwa mambo hayo mawili, ndiyo maana Richard Stallman, aliyetangaza mradi wa programu huria wa GNU mwaka 1983, amekuwa akieleza tofauti yake miaka yote hiyo. Sisi tuna "bure" na tuna "huru", na hakuna mtoto wa darasa lako anayeyachanganya. Bure ni habari ya mfuko. Huru ni habari ya mtu. Tena "bure" yetu ina uchungu ndani yake; tunasema "nimehangaika bure". Programu inaweza kuwa ya bure na bado ikakufunga mikono.

Huria ni ruhusa nne: kuitumia kwa kazi yoyote utakayo, kuisoma na kuibadilisha, kumgawia mwenzako, na kugawa ile uliyoibadilisha. Kuuza hakukatazwi. Mimi hutoza kazi ya kusimika na kurekebisha, na ndiyo inayonilipia pango.

Faida yake unaiona mahali pasipotarajiwa. Mwishoni mwa mwaka 2002 ruta iitwayo Linksys WRT54G iliingia sokoni. Watu wakaichunguza, wakakuta ndani yake kuna Linux, ambayo leseni yake ya GPL inamtaka anayeisambaza atoe na msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe. Wakadai, na mwaka 2003 msimbo ukatolewa. Kutokana na msimbo huo ukazaliwa mradi wa OpenWrt, programu huria ya ruta, mwaka 2004, ambao leo unaendesha ruta za kampuni nyingi. Hapa jirani kuna duka la fotokopi lenye ruta ambayo mtengenezaji wake aliacha kuitolea masasisho zamani. Niliiwekea OpenWrt, na sasa kompyuta nne zinagawana bando bila mmoja kuwanyima wengine. Dada mwenye duka hajawahi kusikia neno leseni, lakini ndiyo inayomhudumia kila siku.

Fundi, nimefunga bodi ya ESP32, kile kikompyuta kidogo chenye Wi-Fi, iwashe pampu ya kumwagilia mboga. Kila rilei (swichi inayowashwa na bodi) ikilia "ta", bodi inazima na kuanza upya. Msimbo nimeuandika upya mara nne. Nimekosea wapi? (Mkulima, Kibosho)

Mzee wangu, acha msimbo. Pima umeme.

Nasema hivyo kwa sababu mimi mwenyewe nilipoteza usiku tatu kwa tatizo hili hili, kwenye kifaa cha kupima maji ya tanki. Niliupitia msimbo mstari kwa mstari. Nikabadilisha maktaba za msimbo, nikaongeza subira kila mahali, nikaanza kuishuku chipu yenyewe. Usiku wa tatu nilihitaji ule waya wa USB kuchajia simu, nikauchomoa na kuchomeka mwingine mfupi niliouokota kwenye droo. Tatizo likaisha papo hapo. Nikarudisha waya wa kwanza, likarudi. Ndipo nikachukua mita na kuiweka kwenye pini ya volti 5: bodi ikiwa imetulia ilisoma 4.9, rilei ikivuta huku Wi-Fi inarusha ikashuka hadi 4.3.

Mbona 4.3 iwe kidogo, wakati ESP32 inataka volti 3.3 tu? Ni kwa sababu kati ya USB na chipu kuna kirekebisha volti, mara nyingi AMS1117, na hicho huhitaji kupewa takribani volti 1.1 zaidi ya zile kinazotoa. Jumlisha upate 4.4. Ukiwa chini ya hapo, ile 3.3 yenyewe inaanza kuyumba, na ndani ya chipu kuna mlinzi ambaye akiona volti zimepungua huizima ili isifanye kazi ikiwa imelewa. Fungua monita ya seriali, dirisha la kompyuta linaloonyesha ujumbe wa bodi, uangalie. Nina hakika utakuta imeandika "Brownout detector was triggered", yaani volti zimeshuka mno, kabla ya kuanza upya.

Sasa fanya hesabu. Wi-Fi inaporusha, ESP32 inaweza kunywa miliampea 240 hivi. Koili ya rilei ndogo ya volti 5 inakula kama 70. Waya wa bei ya chini una shaba nyembamba sana, na ukiwa na ukinzani wa omu moja kwenda na kurudi, theluthi ya volti inaishia njiani. Chaja dhaifu ikiongeza mapungufu yake, umeshafika kwenye ile 4.4 na kushuka.

Anza na waya mfupi, mnene, na chaja inayotoa ampea 2 za kweli. Weka kapasita ya mikrofaradi 470 karibu kabisa na pini za volti 5 na ardhi, ukizingatia upande wa hasi. Kama rilei yako ni tupu, haiko kwenye moduli, lazima iwe na diodi ya 1N4007 iliyofungwa kinyume sambamba na koili, maana koili ikiachiliwa hurusha volti nyingi kwa kishindo.

Halafu fanya jaribio moja: tenganisha nyaya za pampu, iache rilei ilie peke yake. Bodi ikizima, tatizo ni umeme wa bodi, kama nilivyoeleza. Isipozima, basi kelele za umeme zinatoka kwenye mota, na dawa yake ni kuweka kontakta (rilei kubwa ya mota) na kuzisogeza nyaya za pampu mbali na bodi. Upande wa volti 230 mwachie fundi umeme. Hapo sina mjadala.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza, na linanisumbua zaidi. Umeme ukikatika na kurudi saa nane za usiku, pampu yako inaanza katika hali gani? Andika msimbo ili rilei iwe imezimwa kila bodi inapoamka, na uweke kikomo cha muda ambacho pampu haiwezi kukivuka hata kihisi cha udongo kikiendelea kusema pakavu. Kihisi hukatika waya, hula kutu, hung'olewa na kuku. Pampu ikizunguka bila maji inaungua. Huko kwenu mna mifongo, mifereji ya kumwagilia, tangu enzi za mababu, na maji yake yanakwenda kwa zamu: muda wa mtu ukiisha anafunga, hata kama shamba lake bado lina kiu. Mpe pampu zamu ya namna hiyo.

Nataka kujifunza kuandika programu. Nianze na lugha ya C au Python? (Kijana, Sanawari)

Kama moyo wako uko kwenye vifaa vidogo, C. Chipu ya ATmega328P iliyo kwenye Arduino Uno, bodi ndogo ya kujifunzia, ina KB 2 tu za RAM. SMS kumi na tatu za herufi 160 hazienei humo. Ukizoea kuishi katika chumba hicho, kwingine kote utaona pana. MicroPython, yaani Python ya chipu ndogo, ni nzuri kwenye ESP32, utaifikia.

Bibi yangu wa Usa River haoni vizuri. Nimemtengenezea saa ya tarakimu kubwa, lakini anasema inadanganya, kwa sababu inaandika 7 wakati ni saa moja. Nimweleweshe vipi? (Mjukuu)

Usimweleweshe. Bibi yuko sahihi, saa ndiyo ijifunze.

Chukua saa ya kompyuta, kuanzia 0 hadi 23. Jumlisha 6, gawanya kwa 12, chukua baki. Baki ikiwa 0 andika 12. Saa 7 inakuwa 13, baki 1: saa moja. Saa 18 inakuwa 24, baki 0: saa kumi na mbili jioni. Dakika haziguswi. Wengi hutoa 6 badala ya kujumlisha, na mchana mambo huenda sawa, ila ikifika saa saba usiku wanapata hasi 5, na C inakupa baki ya hasi vilevile. Bibi atakuwa macho saa hiyo, nakuhakikishia.

Tarakimu peke yake haitoshi, maana saa kumi ziko mbili. Ongeza neno: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku. Mipaka usiitafute kwenye mtandao, kaa naye umuulize. Kuna wanaosema saa moja jioni na wanaosema saa moja usiku, na saa hii ni yake. Ukitaka kuonyesha na siku, kumbuka kompyuta hugeuza tarehe saa sita usiku, lakini sisi Jumamosi jua likishazama tunasema usiku wa kuamkia Jumapili. Andika hivyo hivyo, "kuamkia Jumapili". Nafasi kwenye skrini itatosha ukipunguza herufi kidogo.

Kwa kutunza muda tumia chipu ya DS3231 yenye betri yake ya CR2032. Hukosea kama dakika moja kwa mwaka, na umeme ukikatika inaendelea kuhesabu. Na ukihifadhi muda kwa sekunde tangu mwaka 1970, tumia namba ya biti 64. Ile ya biti 32 yenye alama ya hasi na chanya itajaa Jumanne tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu, kisha irudi mwaka 1901.

Mwanangu ana miaka 12, anafungua kila kitu: redio, rimoti, tochi. Baba yake amekasirika na kumkataza kabisa. Wewe unasemaje? (Mama, Majengo, Moshi)

Mama, namwelewa baba, vitu ni ghali. Lakini naomba asimkataze kabisa, ampe mipaka. Kinachochomekwa ukutani asikifungue, hata kikiwa kimezimwa: televisheni ya zamani ya kioo kizito na maikrowevu hubaki na umeme wa kuua ndani yake. Betri ya simu iliyovimba asiiguse. Vinavyotumia betri kavu vyote ni vyake.

Mpe sinia na karatasi. Kila skrubu anayoitoa aibandike kwa selotepu juu ya mchoro, mahali ilipotoka, na asifungue kitu cha pili kabla ya kukirudisha cha kwanza. Usimuulize kama kinafanya kazi. Muulize amekuta nini.

Nilipokuwa na umri wake nilifungua redio ya babu, nikakuta ndani ya mfuniko wa nyuma kumebandikwa karatasi ya manjano: mchoro wa saketi nzima, kila rezista na thamani yake. Sikuelewa hata alama moja. Nilichokielewa ni kwamba aliyeitengeneza alijua ipo siku mtu ataifungua, akamwekea barua. Mpaka leo, ninapochagua kifaa au programu, hiyo barua ndiyo ninayoitafuta kwanza.

Kama redio yenu ni ya zamani, mwambie aangalie nyuma ya mfuniko. Akiukuta mchoro, aunakili kwenye daftari kwa penseli, na likizo mkipita Arusha mje naye tuusome pamoja.