Maswali ya Wasomaji: Dakika 20 za Kuueleza Mswada Mbele ya Wataalamu wa Kompyuta

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili hapa Mombasa. Ikisiri yangu imekubaliwa katika kongamano la kimataifa la teknolojia na insia, nami nimepewa dakika 20, maswali yakiwa ndani yake. Utafiti wangu unahusu kuifundisha kompyuta kusoma tenzi zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, kutoka katika miswada ambayo familia mbili za Mji wa Kale ziliniruhusu kuipiga picha. Baadhi ya wasikilizaji ni wahandisi wa programu wasiojua Kiswahili, na wengine ni wanafasihi wasioijua kompyuta kwa undani. Nianzie wapi ili wote wanielewe, na nifanye nini nikiulizwa jambo nisilo na jibu lake?
M. S., Mombasa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anza na neno moja. Wawasilishaji wengi katika makongamano ya namna hii hufungua kwa historia ya taaluma, wakianzia kwa kasisi Roberto Busa wa Italia, ambaye mwaka 1949 aliiomba kampuni ya IBM mashine za kadi zinazotobolewa matundu ili atengeneze faharasa ya maneno ya Thomas Aquinas, mwanateolojia wa Enzi za Kati, na wanapoifikia kazi yao wenyewe, mwenyekiti wa kikao huwa ameshawaonyesha kwamba dakika zimebaki tano. Historia hiyo wasikilizaji wako wanaijua. Wasichokijua ni shida iliyokupeleka wewe kwenye kompyuta, na shida hiyo inaenea katika slaidi moja.

Waonyeshe herufi ba yenye fataha, yaani alama ya irabu a, ikifuatwa na ta yenye fataha. Waambie kwamba katika miswada mingi ya zamani maandishi hayo yanaweza kusomwa bata, pata au mbata, kwa sababu waandishi waliitumia ba moja kwa sauti za b, p na mb. Kisha waonyeshe kwamba alama ya kasra hubeba i na e, na ya dhuma hubeba u na o, hata kuku na koko yakaweza kuandikwa kwa namna moja. Mhandisi atatambua papo hapo kwamba mashine inaweza kuitambua kila herufi bila kosa na bado isijue ni neno gani lililokusudiwa. Naye mwanafasihi ataona kwamba ujuzi wake unahitajika ndani ya programu yenyewe, wala si baada ya programu kumaliza kazi.

Kutoka hapo ingia kwenye utenzi, na hapa ndipo ningekushauri utumie muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Eleza kwamba ubeti una vipande vinne vya mizani 8, kwamba vipande vitatu vya kwanza hushirikiana kina, na kwamba kina cha kipande cha nne huendelea hadi mwisho wa utenzi. Kanuni hiyo, ambayo mtoto wa Lamu huipata kwa kusikiliza tu, ni hazina kwa mtu anayeunda programu: kipande kimoja kikiishia kwa neno lisilo na utata, vipande vinavyoshirikiana nacho kina hupata ufunguo wa kusomwa. Ikiwa programu yako inaitumia kanuni hii, basi huo ndio mchango wako na useme hivyo waziwazi. Ikiwa haiitumii, jiandae, maana mtu atakuuliza kwa nini.

Soma ubeti wako mmoja kwa sauti, kwa mahadhi yake, kabla ya kuutafsiri.

Kuhusu matokeo, jedwali moja latosha. Wahandisi watataka kujua asilimia ya herufi zilizokosewa, na pia kama kurasa za kujaribia zilikuwa tofauti na kurasa za kufundishia. Waeleze vilevile kama ziliandikwa kwa mkono wa mwandishi yuleyule au mwingine, kwa kuwa programu iliyozoea mkono mmoja huweza kuteleza vibaya kwa mwingine. Onyesha pia ubeti mmoja ambao mashine iliusoma visivyo, ueleze ilikosea wapi. Kwa uzoefu wangu, mazungumzo ya maana huanzia kwenye ubeti wa namna hiyo.

Maandalizi ya vifaa usiyapuuze. Niliwahi kuhudhuria kikao ambamo kompyuta ya ukumbini haikuwa na fonti inayofaa, herufi za Kiarabu zikatawanyika moja moja na kupangika kutoka kushoto kwenda kulia, na mwenzetu aliyewasilisha akapoteza moyo pamoja na muda. Weka maneno yote ya hati hizo kama picha, hifadhi slaidi katika PDF, na uwe na nakala kwenye flashi. Hotuba yako iwe ya dakika 15.

Ukiulizwa usilolijua, sema kwamba hujalichunguza, kisha taja ungehitaji miswada gani au jaribio gani ili ulijibu. Msomi makini haoni aibu katika hilo, na anayekuuliza mara nyingi anatafuta mtu wa kushirikiana naye.

Jambo la mwisho ndilo ninalolijali zaidi. Kadi za Busa zilitobolewa na wasichana wa mji wa Gallarate, na kwa miongo mingi majina yao hayakuandikwa katika historia ya kazi ile, mpaka watafiti walipokwenda kuwatafuta wakiwa wazee. Wazee waliokusomea miswada, wakakusahihisha pale uliposoma bata badala ya pata, watajwe katika slaidi ya kwanza ikiwa wao wenyewe wameridhia. Fahamu pia kwamba ruhusa ya kupiga picha si ruhusa ya kuionyesha picha hiyo ulimwenguni, na makongamano mengi siku hizi hurekodiwa na kuwekwa kwenye intaneti. Karibu hakika utaulizwa iwapo picha na data zako zitafunguliwa kwa watafiti wengine. Jibu la swali hilo si lako peke yako. Kwa hiyo, kabla ya kusafiri, rudi Mji wa Kale, ukae na zile familia mbili, uwaonyeshe slaidi zako moja baada ya nyingine, na uwaulize ni kurasa zipi wanaridhia zionekane na zipi zibaki nyumbani.