COMMAND.COM Imepitaje Kilobaiti 64?

SWALI: Mhariri, ninafundisha kompyuta katika shule ya sekondari hapa Mbale, na katika stoo yetu imo mashine kuukuu yenye Windows 98. Vitabu vinasema kwamba programu ya DOS, mfumo wa uendeshaji wa zamani wa Microsoft, ambayo jina lake linaishia na COM haiwezi kuzidi kilobaiti 64, lakini COMMAND.COM iliyomo humo, yaani programu inayopokea amri unazochapa, ina zaidi ya kilobaiti 90, nayo inafanya kazi bila tatizo. Imewezekanaje?

JIBU: Mwalimu, vitabu vyako havijakosea, kinachopotosha ni jina la faili.

Programu halisi ya COM ni maagizo matupu, ambayo DOS huyanakili kutoka kwenye diski kama yalivyo na kuyaweka mara tu baada ya baiti 256 ambamo mfumo hutunza taarifa zake, yakiwemo maneno uliyochapa baada ya jina la programu. Prosesa ya 8086, ambayo DOS iliandikiwa, huisoma kumbukumbu kwa vipande visivyozidi baiti 65,536, na kwa kuwa programu ya aina hii hupakiwa nzima ndani ya kipande kimoja, haina haja ya kujua kipande hicho kimeanzia wapi.

EXE, aina nyingine ya programu za DOS, ina mambo zaidi. Programu inayotumia vipande kadhaa hulazimika kutaja anwani za vipande hivyo katika kumbukumbu, ilhali aliyeitengeneza hakuweza kujua DOS ingeiweka wapi. Kwa hiyo mwanzoni mwa faili huwekwa orodha ya kila mahali palipotajwa anwani kama hiyo, na DOS, ikishaipakia programu, huipitia orodha na kurekebisha. Tuseme, kwa heksadesimali (namba za msingi wa 16), programu imeanzia kipande cha 1000 na mahali fulani pameandikwa 0020: DOS hujumlisha na kuandika 1020. Kwa maoni yangu, huu ni ufundi wa kusifiwa kwa mfumo mdogo kiasi hicho.

Sasa, wakati wa kupakia, DOS haiamui kwa jina bali kwa baiti mbili za kwanza. Zikiwa MZ, herufi za mwanzo za jina la Mark Zbikowski, aliyekuwa mhandisi wa Microsoft, faili hupakiwa kama EXE hata ikiitwa COM. COMMAND.COM yako ni ya aina hiyo. Jina la zamani lilibakizwa kwa sababu programu nyingi zilikwisha kuzoea kuitafuta kwa jina hilo.

Ukipenda kuwaonyesha wanafunzi, chapa TYPE C:\COMMAND.COM. Skrini itaonyesha alama zisizosomeka, lakini za kwanza kabisa zitakuwa M na Z.